Pilau ya Jana

Ukipita kituo cha kununua majani chai pale kwetu, nje kidogo ya Litein, ukasikia watu wakiita "Mama Pilau!" na mwanamke mmoja mnene anageuka akiwa amenuna, basi huyo ni mimi, na hilo jina sikupewa kwa sababu najua kupika. Nimeona nieleze mwenyewe, kwa sababu nikiwaachia wengine wanaongeza chumvi. Kuna mmoja anasema ati mzee wa watu alitumbukia chooni. Hakuna mtu alitumbukia chooni. Yaliyotokea yanatosha bila hayo.

Siku yenyewe ilikuwa koito ya binti yangu Cherono. Kwa asiyejua, koito ni siku ambayo watu wa kijana wanakuja kwa kina msichana, wazee wanakaa wanakubaliana ng'ombe, halafu mwishoni mnapakwa siagi kichwani, huku na huku, na kutoka hapo nyinyi ni pamwai, wakwe wa kuheshimiana hadi kufa. Siagi ndiyo inafunga maneno. Mnaweza kukubaliana ng'ombe wote wa dunia hii, lakini wageni wakiondoka kabla ya kupakwa, hamjafanya kitu. Shika hapo.

Sasa mimi nilikuwa na shida yangu moja, na ndiyo ilinimaliza: sikutaka kunuka moshi. Mtoto wa dada yangu alipofanyiwa koito kule Kiptere, nilikuwa jikoni tangu alfajiri, nikatoka kupigwa picha macho mekundu, leso kiunoni, na mgeni mmoja akanishukuru kwa chakula, halafu akaniuliza wenye nyumba wako wapi. Mimi! Dada wa mama wa msichana! Nilimwonyesha kwa kidole nikarudi kwa sufuria zangu, lakini iliniuma, na nikaapa kwamba ya Cherono ikifika, nitakaa kwenye kiti ndani ya hema na gauni langu la kitenge la bluu, ninukie sabuni kama mama wa watu.

Na njia nilikuwa nayo. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimefundishwa kutengeneza jiko kapu. Unachukua kile kikapu cha kuchumia majani chai kilichochakaa, unakishindilia blanketi kuukuu na masweta yaliyotoboka, unaacha shimo katikati la kutosha sufuria. Maharagwe unayachemsha kidogo, unayatumbukiza humo yakiwa yanatokota, unafunika na mto, unaenda zako shambani, na ukirudi na kikapu chako cha majani unakuta yameiva yenyewe. Kuni inabaki, moshi hakuna. Mimi nililipenda hilo jiko kuliko wote, nikawa ndio wa kuwaonyesha wengine, nikaonyesha kanisani, nikaonyesha kwenye mazishi mara moja (baba Cherono alinivuta mkono), mpaka nikaanza kuona kama nililivumbua mimi.

Basi Ijumaa jioni nikapika pilau, sufuria ile kubwa tunayoazima kanisani, nyama na viungo na kila kitu, ikaiva vizuri kabisa, nikaiteremsha na kuitia ndani ya jiko kapu kubwa nililoshona kwa ajili ya siku hiyo, nikaifunga blanketi mbili na mto juu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kesho asubuhi naamka, naoga, navaa, chakula kiko tayari na ni moto, moshi nausikia kwa majirani. Rodah, jirani yangu na mwenzangu wa kikundi, alikuwa amesimama mlangoni akinitazama na ile midomo yake ya kubana.

"Mama Cherono, hii kitu si ya kulaza chakula. Yule mwalimu aliyetufundisha alisema ukitoa unakula."

"Alisema maharagwe," nikamwambia. "Hii ni pilau."

(Mpaka leo sijui nilimaanisha nini.)

Asubuhi nikafunua kidogo nikaingiza mkono. Vuguvugu, kama maji ya kuogesha mtoto. Haikuwa na harufu mbaya hata kidogo, na hapo ndipo nilidanganyika, maana ingenuka ningeogopa. Lakini vuguvugu haipandishi mvuke, na mimi nilitaka wageni waone mvuke ukipanda. Kwa hiyo kabla Rodah hajafika nikaiteleka haraka kwenye gesi, nikaigeuza na mwiko mpaka ikafuka vizuri, nikairudisha kikapuni, nikafunga blanketi kama vile hakuna kitu kimetokea. Sikumwambia mtu. Nikaenda kuoga.

Wageni wakafika kutoka Kipkelion, magari mawili. Kijana mwenyewe, Kibet, mpole, hata kusalimia anasalimia akiangalia chini. Msemaji wao alikuwa mzee arap Sang, mjomba mkubwa wa Kibet, mtu wa kuongea polepole. Kulikuwa na mjomba mwingine mdogo, mkali, aliyeangalia boma letu kama anayelinunua. Na kulikuwa na Mama Kibet, mwanamke mrefu, mkimya, wa kukutazama kwanza ndipo akujibu. Huyo ndiye niliyetaka anione. Nikampa mkono nikiwa ndani ya gauni langu la bluu, nanukia sabuni, na nilijisikia vizuri, siwezi kudanganya.

Kogo, mama mkwe wangu, aliwapokea na mursik, maziwa yake ya kibuyu, ambayo hakuna mtu hapa kwetu anamfikia kwa kuyatengeneza. Wakanywa, wakasifu. Sasa ilikuwa tu kuomba na kugawa chakula, na ningegawa tu chakula kama binadamu wengine hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini kichwa kilikuwa kimevimba. Nikamwita Rodah tukabeba jiko kapu lote hadi katikati ya hema, nikasimama mbele ya watu.

"Wageni wetu, kongoi, asanteni sana kwa kuja. Hii pilau mnayoiona imepikwa jana jioni! Haijaona moto tena! Sasa angalieni!"

Nikatoa mto, nikafungua mfuniko, mvuke ukapanda pwaaa mpaka kwenye turubai. Watu wakapiga makofi, akina mama wa upande ule wakasimama kuchungulia, na kijana mmoja wao akatoa simu akarekodi. Nikamwambia arekodi vizuri.

Wakala, na wengine wakarudia. Mimi sikukaa kula, lakini kila nikipakua nilikuwa naonja kijiko, si unajua, sahani hii kijiko, sahani ile kijiko, na ilikuwa tamu kweli. Cherono peke yake hakuweza kumeza, kwa sababu ya wasiwasi wa siku yenyewe. Baada ya chakula wazee wakaingia kwenye mazungumzo ya ng'ombe, yakavutana kidogo, yakalegea, wakakubaliana vizuri, na jua likiwa limeanza kuinama Kogo akatoka ndani na kibakuli cha siagi. Cherono na Kibet wakakalishwa kwenye viti. Nikaona sasa tumefika.

Hapo shangazi wa Kibet akaniinamia sikioni akaniuliza choo kiko upande gani. Nikamwonyesha. Hajafika mlangoni, mwingine akainuka, halafu wawili pamoja, halafu mchungaji wetu akakunja Biblia yake akatoka kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao. Choo chetu ni kimoja, cha shimo, na mlango ulikuwa umeshafungwa kwa ndani, na huyo wa ndani hakuwa na mpango wa kutoka. Wengine wakaingia kwenye majani chai, ambayo yanaanzia hapo hapo ubavuni mwa nyumba. Wueh! Nikiangalia naona migongo tu, wakwe zangu wameinama, kila mtu na mstari wake kama siku ya kuchuma, wanatapika.

Baba Cherono ni mtu wa maneno machache. Alikuja polepole akasimama karibu nami.

"Umewapa nini watoto wa wenyewe?"

Akageuka akatuma boda boda amlete daktari wa dispensari.

Mama Kibet ndiye alishikwa vibaya zaidi, alijichafua nguo yote kabla ya kufika popote, na mimi na Rodah tukamshika tukamwingiza chumbani kwangu tukamlaza kitandani. Nikamvua, nikamfuta, nikamvisha sweta langu na sketi, na sweta lilipopita tu puani akashtuka akatapika tena. Moshi. Nguo zangu zote zilikuwa zinanuka moshi, kwa sababu miaka yote hii mimi napika kwa kuni na kabati letu limepakana na jikoni. Nguo moja tu ndani ya nyumba hiyo haikuwa na moshi, na nilikuwa nimeivaa. Basi nikavua gauni langu la bluu nikamvisha mama wa watu, likamfika magotini kwa urefu wake, nikachukua lile sweta na sketi nikazivaa mimi, nikatoka nje.

Nje nako kulikuwa kumechafuka kwa njia nyingine. Yule mjomba mdogo, amejishika tumbo, alikuwa anasema kwa sauti, "Tumewekewa kitu hapa! Waite madereva, twende!" Hayo si maneno madogo. Watu wakishaanza kusema wamewekewa kitu, hakuna ndoa tena, na jina la boma linaharibika mpaka kwa wajukuu. Mwingine akadakia, "Au ni yale maziwa ya kibuyu?" Na mimi, Mungu anisamehe, niliposikia hivyo moyo ukashuka kwa raha, nikafungua mdomo nikasema, "Labda, mnajua maziwa siku hizi..."

Kogo alinitazama. Aliweka siagi chini, akachukua kibuyu chake, akajimiminia kikombe kikubwa hadi juu, akanywa chote mbele ya watu, akajifuta mdomo, akakaa.

Mzee arap Sang akakohoa. "Mimi hayo maziwa nimekunywa vikombe viwili," akasema polepole, "na mnaniona. Lakini pilau sikugusa. Mimi ni mtu wa sukari, wali nilikatazwa." Halafu akageuza kichwa akaangalia jiko kapu. Watu wote wakaangalia jiko kapu.

"Na si mama alisema imepikwa jana?" akauliza yule kijana wa simu, na badala ya kungoja jibu akabonyeza. Sauti yangu ikatoka pale kwa simu, kubwa, yenye furaha: "Imepikwa jana jioni! Haijaona moto tena!" Na makofi.

Jamani. Nilitaka kujitetea, ndiyo hiyo tu, nikapiga kelele, "Lakini niliipasha asubuhi! Niliiweka kwa gesi ikafuka kabisa!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Hata waliokuwa wanatapika nafikiri waligeuka.

"Kumbe uliipasha?" Rodah akasema.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshikwa mara mbili, kwa chakula kibaya na kwa uongo, na wa pili nilikuwa nimejishika mwenyewe. Daktari alifika akiwa amebebwa na boda boda pamoja na katoni ya ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kijana mdogo, hana haraka, akapima mapigo ya watu, akauliza walikula nini na lini, na kila mtu akaninyooshea kidole. Akaniuliza ililala wapi. Nikamwonyesha. Akagusa blanketi akatikisa kichwa.

"Mama, mchele huja na vijidudu vyake kutoka shambani, na kuna vingine havifi hata ukichemsha. Vinajificha. Chakula kikiwa moto sana haviwezi kitu, kikiwa baridi sana pia haviwezi. Lakini vuguvugu usiku kucha, vinaamka, vinazaana, vinatoa sumu. Wewe umeviatamia tu, kama kuku."

"Lakini nilipasha," nikasema, kwa sauti ndogo sasa.

"Kupasha kunaua vijidudu. Sumu ambayo vimekwisha kuitoa haiendi na moto." Akaanza kuchanganya dawa. "Wengi wataamka wazima kesho. Wanywe maji haya kidogo kidogo. Na hiyo iliyobaki umwage, usipe hata mbwa."

Ungedhani hapo maneno yamekwisha. Mjomba mdogo akasema, "Hata kama. Aliyedanganya kuhusu moto atashindwa kudanganya kuhusu kitu kingine? Twende. Mambo ya siagi tutaongea siku nyingine." Na gari moja likawashwa.

Cherono alinifuata nyuma ya nyumba. Alikuwa bado amefungwa ushanga wake kichwani na machozi yanamtoka. "Mama, siku nyingine haiko. Hawa wakienda hawarudi. Unajua hawarudi." Na nilijua. Niliona aibu, ndiyo, lakini hapo aibu iliniisha nikabaki na woga tu. Mtoto wangu alikuwa anaenda kukosa mtu anayempenda kwa sababu mimi nilitaka kunukia sabuni.

Nikaingia chumbani. Mama Kibet alikuwa ameegemea ukuta, ndani ya gauni langu, beseni magotini. Nikasimama mlangoni kwa adabu, na lile sweta.

"Nimekuja kusema pole," nikamwambia. "Si mursik ya Kogo, na hakuna mtu amewawekea kitu. Ni mimi nililaza pilau. Sikutaka siku ya koito nikae mbele yenu nikinuka moshi."

Alinitazama kama kawaida yake, muda mrefu.

"Na wewe ulikula?"

"Nilikuwa naonja."

"Sana?"

Nilitaka kumwambia kidogo tu. Lakini vile vijiko vyote, sahani hii na sahani ile, vilikuwa vimengoja saa hiyo. Nikatazama mlango, mlango uko mbali, nikapiga magoti pale pale kando ya kitanda na kutapika ndani ya beseni la mkwe wangu, yeye mwenyewe akiwa amelishika. Mtu unayepaswa kumheshimu hata kumpita karibu huthubutu. Nilipoinua uso, watu walikuwa wamejaa mlangoni wameona yote, mjomba mdogo akiwa mbele kabisa.

Mama Kibet alianza kucheka. Alicheka bila nguvu, akishika mbavu, mpaka Rodah naye akacheka, na mimi nilikuwa nalia.

"Haya," akamwambia mjomba huyo. "Umeona mwenyewe. Mtu hajiwekei sumu. Zima hiyo gari. Waambie walete siagi hapa, mimi siwezi kusimama."

Kwa hiyo koito ya binti yangu ilifungwa chumbani kwangu na si ndani ya hema lililokodishwa. Kibet na Cherono wamesimama wamebanwa na kabati, mzee arap Sang anabariki akiwa mlangoni, na sisi akina mama wawili tumekaa kitandani, beseni katikati, tumelishika mmoja huku mwingine huku. Kogo alipita na siagi yake. Alimpaka Mama Kibet taratibu, akimwombea. Mimi alinipaka kwa nguvu, kichwa kikaenda nyuma na mbele, kwa sababu ya yale maneno ya maziwa, na sikulalamika.

Kesho yake wote walikuwa wazima, kama daktari alivyosema. Ile video haikupona, bado inazunguka. Nilipopeleka majani kituoni wiki iliyofuata, karani alichungulia kikapu changu akaniuliza kama nimeyachuma upande ule wa wageni, na foleni yote ikaanguka kicheko. Jiko kapu dogo bado ninalo, la maharagwe, naweka yakitokota, natoa yakiiva, tunakula siku hiyo hiyo, kinachobaki nakipooza mapema na kukiweka kwa friji ya Rodah (anafurahi sana kunifungulia, kila mara anauliza ni ya lini). Lile kubwa kuku alilichukua, na alitotoa vizuri sana humo. Lakini kulaza chakula cha watu ndani ya blanketi, na kukipasha kwa siri, sitarudia maishani mwangu, hata rais aje na niwe na gauni mia.

Harusi ilifanyika kwao Kipkelion. Nilifika mapema, nimevaa vizuri, nikaelekea hemani kwenye viti vya wazazi. Mama Kibet akanikatiza njia. Alikuwa amevaa gauni langu la bluu (hakuwahi kulirudisha na mimi sikuwahi kuliuliza), ameliongezea kitambaa chini likamfika miguuni. "Pamwai, njoo," akasema, akanishika mkono, akanizungusha nyuma hadi jikoni, kwenye mafiga yanayowaka na sufuria tatu za pilau ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zinatiwa mchele. Akanipa mwiko, akanifunga leso kiunoni, akachukua mwiko wake akasimama kando yangu, moshi ukatuingia wote macho.

Tulipoanza kugawa, mgeni mmoja wa kanisa lao alinyoosha sahani, akaniangalia macho yangu mekundu na leso yangu, akaniuliza kama naweza kumwonyesha mama wa bibi harusi, ampe mkono.

Nikamwambia ni mimi, halafu nikampakulia pilau ya leo.